Demo ya studio, demo ya simu, ni kitu kimoja?

SWALI: Mambo vp mhariri, hili neno demo linanichanganya. Mshkaji wangu anarekodi demo studio, muuza simu ananiambia hii Samsung bei chee kwa vile ni demo, halafu binamu yangu yuko London anasema barabara imefungwa kuna demo. Sasa ndo nini?

JIBU: Kwanza hiyo simu usilipie! Demo ni kifupi cha demonstration, yaani kuonyesha, na hizo maana zako zote tatu zinatokea hapo. Simu ya demo inatengenezwa kukaa dukani wateja waishike waichezee, za Samsung huwa zinaitwa LDU (Live Demo Unit), kioo kizuri kamera nzuri ila nyingi hazishiki laini kabisa, utabaki na kitu cha waifai tu, kwa hiyo weka laini yako piga simu hapohapo mbele yake na ubonyeze *#06# uone kama IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, inakuja, akianza maneno mengi ondoka zako.

Ya mshkaji wako ni wimbo wa majaribio, haujafanyiwa miksi ya mwisho, anampelekea prodyuza au redio wasikie uwezo wake. Binamu naye anasema maandamano, Waingereza wanalitumia hivyo sana. Kwenye programu na magemu demo ni kipande cha kujaribu kabla hujanunua.

Ila mafundi wa Marekani wakisema demo kwenye nyumba wanamaanisha kubomoa, hiyo imekatwa kutoka demolition, kwa hiyo ukifanya kazi huko usije ukasubiri kuonyeshwa kitu wenzako washashika nyundo 😂