Wakala wa mama mbebaji anataka malipo yote mapema

SWALI: Mimi na mume wangu tumepata wakala jijini Nairobi anayeahidi kututafutia mama wa kutubebea mimba, lakini anataka fedha zote kabla ya kutukutanisha naye. Tumwamini?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Dada yangu, fedha hizo zishike kwanza. Wakala mwaminifu hugawa malipo kwa hatua, wala hana sababu ya kumficha mama mbebaji. Mama huyo awe na wakili wake mwenyewe (na hapa ndipo wengi hubania shilingi), kwa sababu mkataba asiouelewa ni hatari kwenu nyote. Mwaka 2014 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kesi ya pacha waliozaliwa kwa njia hii, ambao walikuwa wamepelekwa katika makao ya watoto baada ya hospitali kusita kuhusu nani aandikwe mama. Basi ulizeni mapema jina la nani litaandikwa.

Kuhusu afya, mama awe amewahi kujifungua salama, apimwe shinikizo la damu, kisukari na virusi vya Ukimwi, na daktari apandikize kiinitete (yai lililorutubishwa na kuanza kukua) kimoja tu, kwani mimba ya pacha huongeza hatari ya kifafa cha mimba na ya kuzaa njiti. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau mahudhurio 8 ya kliniki. Maamuzi kuhusu mwili wake, upasuaji ukiwemo, ni yake, na huduma isikome siku anapokabidhi mtoto: wiki 6 za uangalizi baada ya kujifungua, pamoja na ushauri nasaha, ziandikwe mkatabani.