Maswali yenu: Tetemeko halijaja, hela za nini?

SWALI: Habari za kazi kaka, mi mkazi wa Kigogo. Mume wangu kasoma habari za Nepal kwenye simu sasa kila siku ni ubishi, anasema wafadhili walimwaga hela za kujiandaa na majanga miaka kibao kabla ya tetemeko la 2015 na bado watu karibu 9,000 wakafa, kwahiyo zote ziliishia kwenye semina na posho. Ni kweli? Si bora wangezitunza wakawapa baada ya janga?

JIBU: Dada yangu, msalimie sana shemeji. Semina na posho simbishii, zipo kila mahali. Ila mwambie habari ya ghala. Nepal haina bahari, sehemu kubwa ni milima, na uwanja wa ndege wa Kathmandu una njia moja tu ya kurukia, sasa barabara zikifukiwa misaada inapokelewa wapi? Uingereza ikatoa hela, WFP, yaani Shirika la Chakula la Umoja wa Mataifa, wakajenga pale uwanjani kituo cha kupokea na kupanga mizigo, kikafunguliwa Machi 2015. Tetemeko likapiga Aprili 25, ukubwa 7.8. Yaani mwezi mmoja tu! Mahema na chakula vikakuta pa kushukia, kazi ya kujenga ghala kama lile huwezi kuianza watu wakiwa chini ya vifusi.

Na shule za bonde la Kathmandu ambazo kuta zake zilikuwa zimeimarishwa mapema, zilisimama. Ilikuwa Jumamosi watoto hawakuwepo, namshukuru Mungu kwa hilo kila nikilikumbuka.

Ila shemeji ana hoja, tena nzito. Kule wilaya za Gorkha na Sindhupalchok nyumba ni za mawe na udongo, anajenga fundi wa kijijini na sio injinia, na huko ndo vijiji viliteketea. Hela nyingi hazikupanda mlima. Mi linaniuma hilo kuliko posho, maana kumfundisha fundi kufunga kona za ukuta vizuri ni hela ndogo sana ukilinganisha na helikopta.

Na nyie wa Kigogo janga haliko mbali, kwenu ni mafuriko. Benki ya Dunia ilipitisha mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022 kwa ajili ya bonde la Msimbazi, ule mkopo mtalipa nyie na watoto wenu. Kwahiyo mkutano wa mtaa ukiitishwa nendeni wote wawili, muulize mvua ikianza usiku nani anawagongea milango na mnakimbilia wapi.