USIMTUMIE HUYO MTU HELA, mimi mashine ya oda ilikula bitcoin zangu 8

Acha kwanza. Kama hujatuma hiyo hela usitume. Nimesoma swali lako mara mbili nikashindwa kulala. Unasema uko Mukono hapa Uganda, kuna jamaa kakuonyesha picha ya mashine ya kuchimbia bitcoin, unalipa dola 2,400 sasa hivi, mzigo unafika baada ya miezi 4, na kakupigia hesabu kwamba itajilipa ndani ya miezi 7. Halafu unatuuliza kuhusu sola, pochi ya kuhifadhia, kelele na bili ya umeme. Ndugu yangu, hiyo miezi 4 umeipita kama vile haipo!

Mwanzoni mwa 2013 nilikuwa nakaa Kireka, vyumba viwili vya kupanga. Kuchimba ni kompyuta kubahatisha namba hadi moja ifunge bloku, yaani kifurushi cha miamala ya bitcoin, na aliyeifunga anapewa bitcoin mpya. Hiyo zawadi ya bloku ilikuwa imekatwa Novemba 2012 kutoka bitcoin 50 hadi 25, watu wanasema mchezo umeisha. Mimi nikapata grafiki kadi mbili za Radeon HD 7950, shemeji alinibebea kutoka Dubai, nikazifunga kwenye kompyuta iliyovuliwa mfuniko, pembeni feni ya mezani. Joto lake we acha tu, mke wangu alikuwa anaanika nepi za mtoto mbele yake zinakauka kabla chai haijachemka. Yuniti ya Yaka, huu umeme wetu wa kulipia kabla, ilikuwa zaidi ya shilingi 500, kompyuta inakula kama yuniti 12 kwa siku, kwa hiyo elfu sita na kitu kila siku ya Mungu, na umeme ukikatika usiku ukirudi naamka kuiwasha upya. Lakini ilikuwa inatoa. Kufika Juni nilikuwa na bitcoin 8 na ushei, zangu, na bei ilikuwa inazungukia dola 100 kwa moja.

Hapo ndipo akaja jamaa, mtu wa kompyuta hapo mjini Kampala, jina simtaji. Alikuwa anakusanya oda za mashine za ASIC, zile zenye chipu ya kazi moja tu, kuchimba. Kadi zangu mbili kwa pamoja zilikuwa zinapiga heshi, yaani majaribio ya kubahatisha, bilioni 1 hivi kwa sekunde, hiyo mashine bilioni 60, tena kwa umeme mdogo kuliko wangu. Bei dola 1,500, unalipa yote mwanzo, inafika Agosti. Akafungua kikokotoo kwenye simu mbele yangu, akaingiza namba, jibu likatoka karibu bitcoin 2 kwa siku. Kwa siku! Nikampa zile bitcoin 8 zote, nikaongeza dola 700 za taslimu tulizokuwa tumeweka kwa ajili ya kiwanja. Na asije mtu hapa chini kunicheka eti tamaa, weka wewe hizo namba mbele ya mtu mwenye mtoto mchanga uone kama hatatoa hela.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba kikokotoo hakikudanganya. Kwa siku ile, Juni 2013, jibu lilikuwa sahihi kabisa, bilioni 60 zingetoa karibu bitcoin 2. Ila mashine haikuwepo siku ile! Mtandao wa bitcoin umepangwa bloku ipatikane kila dakika 10 hivi, kila baada ya bloku 2,016, yaani kama wiki mbili, unajipima upya, wachimbaji wakiwa wameongezeka, ugumu wa kupata bloku unapanda. Januari 2013 ugumu ulikuwa kama milioni 3. Januari 2014 ulikuwa umevuka bilioni 1. Hesabu mwenyewe hiyo ni mara ngapi ndani ya mwaka mmoja. Keki ni ileile, bitcoin 25 kila bloku, wanaogawana ndio wanazidi.

Agosti ikaja, mashine hakuna. Ingefika hata mwezi huo ningepata kama nusu bitcoin kwa siku, ningeshukuru. Nampigia jamaa, "imekwama kiwandani." Oktoba, "iko njiani kaka, vumilia." Novemba bitcoin ikavuka dola 1,000, banange, zile 8 nilizompa zilikuwa zaidi ya shilingi milioni 20 za wakati huo na mimi nasubiri boksi. Desemba hapokei simu. Boksi lilifika Entebbe mwisho wa Januari 2014. Nikalichomeka siku hiyohiyo, likawaka vizuri tu halina kasoro yoyote, likatoa bitcoin 0.014 kwa siku. Wiki mbili baadaye pungufu, wiki mbili tena pungufu. Hadi Mei nilikuwa sijapata hata bitcoin 1 nzima, kwa mashine niliyolipia 8 na hela ya kiwanja juu. Juni nikaizima maana ilikuwa inarudisha hela ya Yaka tu.

Nikamfuata dukani kwake. Unajua alinijibu nini? "Mashine si umepata?" Yeye alichukua kamisheni yake mwezi wa sita, ugumu upande ushuke haumhusu. Alikuwa anajua, maana kila wiki alikuwa anaandika oda nyingine, na kila oda aliyoandika ilikuwa inakwenda kula ya kwangu. Hilo sijamsamehe.

Sasa muulize huyo wako hiyo miezi 7 kaihesabu kwa ugumu wa tarehe gani. Ni wa leo, nakuhakikishia. Na sasa zawadi ni bitcoin 3.125 tu tangu Aprili 2024. Umeme nao, mashine nyingi za siku hizi zinavuta kama wati 3,500, hiyo ni yuniti 84 kwa siku, ukiweka shilingi 700 tu kwa yuniti unakaribia elfu 59 kila siku. Watu watakwambia bwawa la umeme la Karuma limefunguliwa, megawati 600, umeme umejaa. Sawa, umejaa, lakini kila yuniti kwenye mita yako bado unailipia.

Kama bado unaitaka, mwambie hivi: alete mashine Mukono, aichomeke kwenye soketi mbele yako, ikae saa 24 inachimba kwenda kwenye anwani yako wewe, mkitazama pamoja kilichoingia. Upige hesabu kwa hicho, utoe umeme, ndipo mkono uende mfukoni. Akikubali niandikie inboksi, napanda takisi kutoka Kireka nakuja kukaa nayo hizo saa 24 mimi mwenyewe. Umesema unamlipa Ijumaa, leo ni Jumatano.