Makohozi hayakuota kitu, homa bado ipo

SWALI: Shikamoo Bibi wa Maabara. Nina miaka 38, nafuga mbuzi huku Kongwa. Wiki ya tatu sasa nina homa, kichwa kinauma vibaya na kikohozi ni kikavu. Hata makohozi ya kupima niliyatoa kwa shida. Picha ya kifua imeonyesha nimonia. Malaria hakuna, kifua kikuu hakuna. Makohozi yakaoteshwa, jibu likaja: "Hakuna bakteria aliyeota." Nimemaliza dozi ya amoksilini na homa haijashuka. Je, maabara wamekosea?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Hawajakosea. Nimekaa mbele ya hadubini miaka 31, na jibu hilo nimeliandika mara nyingi nikijua kabisa kwamba mgonjwa anaumwa. Sahani zetu za kuoteshea hazimfai kila mdudu.

Chukua mfano wa bakteria aitwaye mikoplasma. Hana ukuta wa seli. Rangi tunayopaka kwenye kioo haipati pa kushika, na amoksilini, ambayo kazi yake ni kuvuruga ujenzi wa ukuta huo, haipati cha kuvuruga. Kumwotesha huweza kuchukua wiki tatu, kwa hiyo siku hizi penye mashine ya PCR hutafutwa vinasaba vyake kwenye ute wa koo. Lejionela naye, anayekaa kwenye mabomba ya maji, hutafutwa kwenye mkojo. Kwako sidhani.

Mimi nimekwama kwenye neno mbuzi. Hukusema kama ulizalisha mbuzi wiki mbili tatu kabla ya homa kuanza, au kama kuna waliotupa mimba. Kuna bakteria aitwaye koksiela, hujaa kwenye kondo la nyuma. Likikauka zizini, unamvuta pamoja na vumbi. Mwaka 1935, daktari Edward Derrick aliitwa kuchunguza homa ya wafanyakazi wa machinjio huko Brisbane, Australia. Alipokosa chanzo akaiita Homa ya Q, herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza lenye maana ya swali. Jina limebaki, ingawa jibu lilipatikana zamani.

Huyu huishi ndani ya seli, na kumwotesha ni hatari kwa sisi wa maabara. Tunapima damu: moja sasa, nyingine baada ya wiki tatu hivi. Kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza dhidi ya mdudu huyu, zikifika mara nne ya zile za damu ya kwanza, tumemkamata.

Rudi kwa daktari kesho, anza na habari za mbuzi kabla ya kikohozi. Yeye halazimiki kungoja damu ya pili; akishuku, anaweza kukuanzishia doksisaiklini. Usiinunue mwenyewe dukani. Ukianza kuhema kwa shida, usingoje kesho, nenda usiku huohuo.

Na mama watoto kama ni mjamzito, asizalishe mbuzi wala asifagie zizi. Mimba yake nayo inaweza kudhurika.