Desemba hii Dubai au Lushoto? Piga hesabu kwanza

Makala hii imetokana na ujumbe wa dada mmoja wa Tabata. Wako watano nyumbani: yeye, mume na watoto wa miaka 4, 9 na 13. Wametenga milioni nne za likizo ya Desemba. Mume anataka Dubai kwa kuwa majirani wameshakwenda na picha zimeonekana. Yeye anaona wabaki nchini, ila anahofia watoto watajiona wamepunjwa. Jibu fupi, dada yangu: bakini. Jibu refu ndilo linalofuata, kwa sababu likizo ya nchini isiyopangwa inaweza kuwagombanisha kuliko hata hiyo ya Dubai mliyoikosa.

Tuanze na Dubai, tusije tukaambiwa tunaiogopa. Pasipoti ya kielektroniki ya Tanzania ni shilingi 150,000 kwa mtu. Kama hakuna mwenye nayo, watu watano ni 750,000 na hamjatoka hata mlangoni. Kila mmoja, mpaka huyo wa miaka minne, anahitaji viza yake. Mtoto akishatimiza miaka miwili anakaa kiti chake kwenye ndege na nauli yake inakaribia ya mkubwa. Wanaodhani watoto "wanabebwa" wanashtuka hapo. Halafu kuna vyeti vya kuzaliwa: herufi moja ikitofautiana kati ya jina la baba kwenye cheti cha mtoto na kwenye kitambulisho chake cha taifa, ombi la pasipoti linakwama mpaka jina lirekebishwe, na marekebisho hayajui kuwa shule zimefungwa. Ukisema basi uende likizo ya Juni, joto la kule linavuka nyuzi 40. Mtashinda ndani ya maduka yenye kiyoyozi mkiangalia vitu vya kununua, na hela ya kununulia imeishia kwenye tiketi.

Mwenye mfuko mpana aende, hatumzuii. Anayekwenda kwa matibabu, umra au kumwona ndugu ana safari yake nyingine kabisa. Tunazungumza na familia ambayo milioni nne ni akiba ya mwaka mzima, na ada ya Januari inasubiri. Hiyo ada iondoeni kwenye akaunti kabla ya kujadili safari yoyote.

Sasa, kwa nini likizo ya nchini huwa inachacha? Anayekwenda nje hana ujanja: tiketi ina tarehe, viza ina tarehe, hoteli imeshalipwa. Anayekwenda Lushoto anasema tutaondoka Alhamisi au Ijumaa, tutaangalia. Ijumaa gari linaingia gereji, Jumamosi kuna harusi ya binamu, Jumatatu hela imepungua laki tatu na safari imegeuka kuwa chipsi kuku za Mbezi Beach. Mahali hapana kosa lolote. Likizo ya nchini ipangieni ukali uleule wa ile ya nje: tarehe iandikwe, malazi yalipiwe sehemu wiki sita kabla, na anayetaka kuahirisha alete sababu ya maana.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, na hapa nitasema wazi hata kama wakwe watanuna. Kwenda kusalimia kijijini siyo likizo ya familia. Ni wajibu, ni jambo jema, watoto lazima wawajue bibi na babu yao. Lakini mama anayeamka saa kumi na moja kuwasha moto, akapika chai ya watu ishirini, akaosha vyombo mpaka usiku, hajapumzika. Na baba anayeitwa pembeni kila baada ya saa moja kuelezwa shida ya mtu, hajapumzika pia. Tenganisheni safari hizo mbili, na likizo itangulie. Mkianza kijijini, hela yote itabaki kijijini. Ya kusalimia iwekeni kwenye bahasha yake tangu Dar es Salaam, na bahasha hiyo isiguswe hata mkichelewa kupata chakula njiani.

Kuchagua mahali kunategemea mwezi kuliko kunavyotegemea matamanio. Kwa Juni ningesema Mikumi: ni kiangazi, nyasi zimepungua na wanyama wa uwanda wa Mkata wanaonekana vizuri. Treni ya SGR inawafikisha Morogoro kwa muda usiozidi saa mbili hivi, na nauli ya daraja la kawaida ilianza kwa shilingi 13,000 mwaka 2024. Wengi hawajipangi kwa kinachofuata. Stesheni ya Morogoro iko Kihonda, nje ya katikati ya mji, kwa hiyo mnahitaji bajaji au teksi mpaka Msamvu, kisha basi la njia ya Iringa. Na mkifika Mikumi bila gari hamwezi kuingia hifadhini kwa miguu. Kodini gari la utalii mapema, ikiwezekana kwa kuchangia na familia nyingine. Kiingilio kwa Mtanzania ni kidogo. Gari ndilo linalokula hela. Malipo ya hifadhi yanafanywa kwa kumbukumbu namba, siyo noti mkononi, basi hakikisheni simu ina salio na chaji. Msivae bluu wala nyeusi: mbung'o wanazifuata rangi hizo, na mtoto akiumwa mara tatu hataki tena kusikia habari za tembo. Mvua zikianza, udongo mweusi wa kule unanasa magari madogo.

Desemba nendeni Lushoto, mkoani Tanga. Mji uko juu milimani, kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, wakati Dar inatokota. Ni msimu wa plamu, pichesi na peasi. Kuna ukingo wa Irente unaotazama tambarare ya Mazinde chini kabisa, maporomoko ya Soni, na msitu wa Magamba wenye mbega weupe kwa weusi. Familia za Dar zinazoishi na feni mwaka mzima zinalala na blanketi mbili.

Tarehe ni muhimu kuliko hoteli. Kuanzia tarehe 18 hivi mpaka 24 Desemba, wenzetu wa Kilimanjaro wanapanda kwao kwa Krismasi, "kuhesabiwa" kama utani unavyosema, na Mombo mnakopandia Lushoto iko kwenye barabara hiyohiyo. Mabasi yanajaa, nauli za ulanguzi zinaibuka, foleni zinaanza mapema. Ondokeni wiki ileile shule zinapofungwa, mrudi kabla ya tarehe 17. Vyumba vinapatikana kwa bei ya kawaida na wenyeji wana muda wa kuwasikiliza.

Kwa gari dogo, Dar mpaka Lushoto ni kama kilomita 350. Kwenda, kurudi na mizunguko ya kule tuseme kilomita 800. Gari linalotumia lita moja kwa kilomita kumi litahitaji lita 80; tukiweka 3,000 kwa lita kwa urahisi wa hesabu, ni 240,000. Bei elekezi za mafuta hutangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, badilisheni tarakimu hiyo kwa iliyopo. Vijijini mwendo ni 50 kwa saa na tochi za trafiki hazina likizo. Faini moja ni 30,000, ambayo ni chakula cha mchana cha watoto wote. Kabla ya safari fundi akague breki, maji ya rejeta na tairi la akiba. Hilo la akiba hasa, maana watu hulikumbuka wakishapata pancha na kukuta nalo halina upepo.

Mombo mpaka Lushoto ni kilomita 33 hivi za lami nyembamba yenye kona nyingi. Hapo ndipo watoto hutapika. Kona ndizo zinazowachafua, na kinachozidisha ni maziwa, soda na chipsi walizokula Mombo dakika kumi kabla ya kupanda. Wapeni mkate mkavu na maji kidogo, wakae dirishani watazame mbele, simu zizimwe. Mwenye shida hiyo kila safari apewe dawa ya kichefuchefu nusu saa hivi kabla, kwa kipimo cha umri wake mlichoelekezwa na mfamasia. Simameni Soni, wanyooshe miguu. Mvua ikiwa kubwa msipande usiku; kuta za barabara ile huporomoka.

Fedha. Vyumba viwili kwa 60,000 kila kimoja, usiku nne: 480,000. Chakula 20,000 kwa mtu kwa siku, watu watano, siku tano: 500,000. Mafuta 240,000. Kiongozi wa njia na viingilio 150,000. Jumla 1,370,000. Ongezeni asilimia 15 ya dharura, kama 205,000. Mko chini ya milioni moja na laki sita, na bei mtakazoambiwa zikipanda kidogo bado mna nafasi. Asiyetenga hiyo dharura ndiye anayepiga simu kwa shemeji siku ya tatu.

Malazi msiyalipie kwa kuona picha tu. Piga simu, uliza kwa utaratibu: bei ni ya chumba au ya mtu, kifungua kinywa kimo, kitanda cha ziada cha mtoto ni shilingi ngapi, maji ya moto yanatoka kwa hita au yanachemshwa kwa kuni, umeme ukikatika kuna nini. Nyumba za wageni za mashirika ya dini ni tulivu na safi, ila uliza masharti ya pombe mapema kama baba ana bia yake ya jioni. Omba video fupi ya chumba chenyewe. Tuma theluthi moja tu ya malipo kwa Lipa Namba yenye jina la biashara. Ukiona jina la mtu binafsi lisilofanana na la nyumba, acha. Matapeli hujaa Desemba kuliko mbu.

Kule juu, jambo moja kwa siku linatosha. Irente ni mwendo wa saa moja na nusu hadi mbili kwa miguu kutoka mjini kwa hatua za mtoto. Nendeni asubuhi kabla ukungu haujafunika bonde, na huyo wa miaka minne ashikwe mkono muda wote, jabali linakatika ghafla. Magamba ni siku nyingine, pamoja na kiongozi mwenyeji, viatu vya kukanyagia matope na makoti ya mvua, kwani vuli huwa haijaisha. Siku ya tatu waacheni walale, wacheze, wale plamu. Wa miaka 13 mpeni kazi ya daftari la matumizi: atajua bei ya kila kitu na ataacha kuwauliza kwa nini hamkwenda Dubai. Wazazi wanaotaka kumaliza vivutio vyote kwa siku mbili wanarudi wamechoka kuliko walivyoondoka, halafu wanalaumu Lushoto.

Kushuka ni asubuhi, na ni kwa gia. Gari la otomatiki liwekwe kwenye L au 2, msiende na D mkiwa mmekanyaga breki mpaka Mombo, na msithubutu kuweka nyutro eti kubana mafuta. Breki zikipata moto pedali inalainika na hazishiki tena. Mkisikia harufu ya kuungua, egesheni penye nafasi, msubiri nusu saa, msilimwagie tairi maji. Matunda ya kubeba nunueni mabichi kidogo, kwenye boksi lenye matundu au kapu, wala siyo mfuko wa plastiki, na yakae ndani miguuni mwa abiria badala ya kwenye buti lenye joto. Plamu zilizoiva kabisa zitakuwa uji mkifika Chalinze, na zulia la gari litanuka mpaka Februari.