R2-D2 wa ukubwa kamili kwa mabamba ya plastiki: shughulikia pete kwanza

Ndugu, umeuliza mambo matatu: kama kweli mtu anaweza kuunda R2-D2, yule roboti wa filamu za Star Wars, wa ukubwa kamili nyumbani kwa mabamba meupe ya plastiki bila mashine za karakana, atumie plastiki na gundi ipi, na kama mota zipangwe tangu mwanzo. Wa kwangu nimemmaliza baada ya miezi kumi na minne ya kazi za jioni na za mwisho wa wiki, kwa hiyo nakujibu kwa yale yaliyopita mikononi mwangu.

Inawezekana kabisa. Mwangalie vizuri: kiwiliwili ni silinda, miguu ni masanduku, kichwa ni kuba. Ukiacha kuba, karibu kila kitu kinapatikana kwa kukata bapa na kukunja upande mmoja tu, na hiyo ndiyo kazi ambayo bamba la plastiki linaipenda. Mwenzake C-3PO, yule roboti wa dhahabu mwenye umbo la mtu, ni habari nyingine, maana kila kiungo chake kimepinda pande mbili. Huyo usimguse kwa bamba. Tena R2-D2 ana ukubwa unaoingia mlangoni. Urefu wake ni takriban mita 1.1. Kwenye filamu ya kwanza ya mwaka 1977 kulikuwa na aliyeongozwa kwa rimoti na aliyekuwa na mtu ndani, mwigizaji Kenny Baker, ambaye urefu wake ulikuwa sentimita 112.

Wala usidhani kazi ya nyumbani ni ya daraja la chini. Kundi la kimataifa la watu wanaomuunda roboti huyu lipo tangu 1999, na wawili kati yao, Lee Towersey na Oliver Steeples wa Uingereza, walichukuliwa kumuunda R2-D2 wa filamu iliyotoka 2015. Walianza kama wewe, kwa kupenda.

Plastiki unayoitaka ni polistaireni iliyochanganywa na mpira. Polistaireni tupu ni ile inayong'aa kama kioo na kupasuka ovyo. Hii yenye mpira hupinda, na ukiikunja kupita kiasi huweka alama nyeupe pale penye mkunjo kabla haijakatika. Hiyo alama ndiyo onyo lako. Unene wa milimita 1 ni wa ngozi ya kiwiliwili, milimita 2 ni wa miguu na masanduku, na milimita 3 utaihitaji kidogo tu, kwenye sehemu zinazobeba. Bamba la mita 2.44 kwa 1.22 lenye unene wa milimita 2 lina uzito wa kama kilo 6, kwa hiyo unaweza kulihamisha peke yako bila shida.

Kukata hakuhitaji nguvu. Weka rula ya chuma, pitisha kisu mara mbili au tatu kwenye mstari uleule, kisha kunja bamba ili mkato ufunguke. Litakatika "tak!" kwa mstari ulionyooka kuliko utakaoupata kwa msumeno. Usijaribu kulitoboa hadi upande wa pili kwa mkupuo mmoja. Kisu kikikimbia ni hapo.

Gundi sasa, na hapa naomba usome polepole. Plastiki hii haigandishwi, inaunganishwa. Kiyeyusho kama diklorometheni au butanoni hulainisha nyuso mbili zikaingiana, na kikishapeperuka zinakuwa kitu kimoja. Unashikisha vipande vikiwa vikavu, unagusa ukingo kwa brashi nyembamba au sindano, kioevu kinakimbia chenyewe kwenye ufa. Kwa sekunde chache kimeshika, lakini kipe siku nzima kabla ya kukiwekea mzigo.

Diklorometheni usiichezee. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutulia chini ya chumba, na ukiuvuta mwili huugeuza sehemu yake kuwa kaboni monoksaidi. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke huo hata kidogo, na glovu nyembamba za mpira hupenywa kwa dakika chache tu. Mimi sikuunganisha chochote ndani ya nyumba baada ya wiki ya kwanza, kwa sababu kichwa kilianza kuniuma siku nilipofunga dirisha kwa ajili ya mvua. Butanoni nayo hushika moto upesi, kwa hiyo isikae karibu na jiko wala cheche. Fanyia nje au mahali upepo unapita kweli kweli.

Mabaki yako usiyatupe. Yakate vipande vidogo, yaloweke kwenye chupa ya kioo yenye kiyeyusho usiku kucha, asubuhi utakuta uji mzito. Huo ndio wa kuzibia nyufa, maana ukikauka unakuwa plastiki ileile na unapigika msasa sawasawa na bamba lenyewe.

Ukiunganisha mabamba mawili bapa kwa bapa, toboa matundu madogo kwenye lile litakalofichwa. Kiyeyusho kikikosa pa kutokea kitaendelea kulainisha plastiki siku nyingi, na utaona mawimbi usoni wakati umeshafikiria kazi imekwisha.

Sasa nije kwenye kile nilichotaka kukwambia zaidi ya vyote. Watu wengi wanaanza na ngozi kwa sababu ndiyo inayofanana na roboti: ina vijidirisha, milango, sehemu za buluu. Ngozi haina umbo lake yenyewe. Inachukua umbo la kiunzi kilicho chini yake, na kiunzi cha R2-D2 ni pete. Pete ikiwa na kasoro ya milimita mbili, ngozi itaitangaza kasoro hiyo kwa kila atakayesimama mbele yake.

Pete zangu nilizikata kwa plaiwudi, nikitumia kipande cha ubao chenye msumari upande mmoja kama kitovu na ncha ya penseli upande wa pili. Kipenyo nilikiweka milimita 460. Zikishakatwa zote, nilizipanga pamoja kwenye fimbo moja inayopita kitovuni, nikazibana, nikazipiga msasa kama gogo moja. Hatua hiyo ilikula jumamosi mbili. Siku nilipozitenganisha, kila pete ilikuwa nakala ya mwenzake. Kisha nikazisimamisha kwa nguzo, nikapima kwa kamba kutoka pete ya juu upande huu hadi pete ya chini upande ule, na upande wa pili vivyo hivyo. Vipimo viwili visipolingana, silinda yako imeinama hata kama jicho halijaona.

Baada ya uangalifu wote huo, nikakosea kwenye hesabu ya darasani. Ngozi ina matabaka mawili, kila moja milimita 1: la ndani lina matundu ya milango, la nje lina fremu zinazozunguka matundu hayo, na yote mawili lazima yalingane. Nilikata matabaka yote kwa urefu mmoja. Nikaanza kuunganisha mbele, kila kitu kikakaa mahali pake. Nilipofika robo ya mzunguko, ukingo wa tundu ulikuwa umesogea milimita moja na nusu. Nikasema ni mkono wangu. Nusu ya mzunguko, milimita tatu. Nilipomaliza mzunguko, ncha mbili za tabaka la nje hazikukutana. Ufa wa milimita 6 ulinitazama.

Sababu yake ni hii. Tabaka la nje linazunguka duara kubwa zaidi. Katikati ya unene wa tabaka la ndani, kipenyo ni milimita 461, na mzingo wake ni 1448. Katikati ya tabaka la nje, kipenyo ni 463, na mzingo ni karibu 1455. Tofauti ya milimita 6 na kidogo, na inajikusanya polepole kuanzia pale ulipoanzia. Kwa hiyo kila nafasi kati ya milango kwenye tabaka la nje iongezwe kwa uwiano huo, usiongeze zote mwishoni. Nililibandua tabaka lote, nikapoteza bamba zima, na wiki tatu. Chora matabaka hayo kwa hesabu mbili tofauti na utakuwa umeokoa mwezi.

Jambo jingine dogo kwenye ngozi: plastiki hii hurefuka na joto. Ukanda wa mita moja na nusu unaweza kubadilika kwa milimita 2 hivi kati ya alfajiri ya baridi na mchana uliopanda nyuzi 20. Pima, kata na unganisha matabaka yote katika saa zinazofanana.

Kuba ndiyo sehemu pekee ambayo bamba halikunjiki lenyewe, kwa kuwa imepinda pande zote. Ukipata kuba iliyotengenezwa tayari, ichukue kwa furaha. Mimi nilikata majani kumi na sita, kama vipande vya chungwa lililomenywa. Kwa kipenyo cha sentimita 46, kila jani lina upana wa milimita 90 chini, 78 kwenye nyuzi 30 kutoka ukingo, 64 kwenye nyuzi 45, 45 kwenye nyuzi 60, kisha linaishia ncha kileleni. Urefu wake kwa kufuata mkunjo ni milimita 361. Unaunganisha kwa ndani kwa vipande vyembamba, halafu nje unajaza kwa uji wa plastiki na puti, na kupiga msasa, na kujaza, na kupiga msasa. Puti ya poliesta weka tabaka jembamba, kwa sababu ina kiyeyusho chake kinacholainisha bamba. Tumia mwanga wa taa uliowekwa pembeni usiku. Kivuli kitakuonyesha bonde ambalo mchana hulioni. Nilifumba macho na kupapasa kwa kiganja pia, na kiganja kilikuwa sahihi kuliko macho.

Rangi sitairefusha. Praima, yaani rangi ya msingi, nyembamba mara nyingi, kamwe si nzito mara moja, na futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kwa sababu plastiki hii hujichaji umeme na kuvuta kila unyoya. Jaribu kila rangi kwenye kipande cha mabaki kwanza.

Mota. Ushauri wangu ni: mwandalie nafasi, usizifunge sasa. Akisimama kwa miguu miwili kiwiliwili kiko wima na hakuna haja ya mota. Akitembea anashusha mguu wa tatu na mwili unalala nyuma kama nyuzi 18, na uzito wote unahamia mahali pengine. Kiunganishi cha bega ndicho kinachobeba hilo, na plastiki peke yake haiwezi. Pale begani nilipitisha bomba la chuma kutoka mguu hadi mguu kupitia kwenye pete mbili nene za plaiwudi, na ngozi haibebi chochote. Ndani ya kila unyayo nikaacha kisanduku kitupu cha betri, na kwa sasa nimekijaza vipande vya chuma, ili uzito wa chini ushinde wa juu mtoto akimkumbatia.

Ukishakata pete ya kwanza, pima kipenyo chake mahali sita tofauti uniandikie namba hizo kabla hujakata ya pili.