Nimesomewa ruqya, je niache dawa ya moyo?

SWALI: Assalam alaykum sheikh. Nilifanyiwa operesheni nikawekewa vali ya moyo ya chuma, nameza warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, kila siku. Aliyenisomea ruqya (kisomo cha Qur'ani na dua cha kutibu) kaniambia nikiendelea na vidonge basi sina tawakkul, yaani simtegemei Allah, nitumie habbat sauda (mbegu nyeusi) tu. Nimeacha siku ya nne leo na najisikia mzima kabisa. Kusema kweli dawa zimenichosha. Je nimekosea?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Dada yangu, kabla hujaendelea kusoma mpigie daktari wako umwambie ukweli wote, siku 4 bila dawa na hiyo habbat sauda uliyoanza. Na usimeze vidonge vya siku zote ulizoruka kwa mpigo, ngoja yeye akuelekeze.

Ruqya ni haki, hatubishani hapo. Ninachokikataa ni huyu ndugu kutoka kwenye kisomo akaingia kwenye moyo wa mtu ilhali yeye hajui ndani kumewekwa nini. Wenye hoja yake hupenda kuitaja ile hadithi ya watu 70,000 watakaoingia peponi bila hesabu, iko Bukhari na Muslim, sawa, lakini hebu waisome mpaka mwisho, hao wamesifiwa kuwa hawaombi kusomewa ruqya! Sasa yeye kazi yake ni kusomea watu, alafu hadithi hiyo hiyo anaigeuza kuwa dhidi ya vidonge ambavyo hata havikutajwa. Na habbat sauda si dawa nayo? Kama kutumia njia za kujitibu kunavunja tawakkul mbona yake haivunji? Mtume (s.a.w.) alipoulizwa kuhusu kujitibu alisema jitibuni enyi waja wa Allah, na yeye ndiye bwana wa wenye kutawakali.

Kuna kisa Abu Dawud amekipokea kutoka kwa Jabir, mtu alijeruhiwa kichwani safarini kisha akaota ndoto ya janaba, akauliza wenzake kama anaruhusiwa kutayamamu kwa udongo badala ya kuoga, wakamwambia hapana maji yapo, akaoga akafa. Mtume akasema wamemuua, Allah awaue, si wangeuliza kama hawajui. Hao walikuwa maswahaba na nia yao njema, sembuse huyu wako.

Tena kwako wewe hili sio jambo la hiari. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, baraza la kimataifa la wanazuoni, kwenye kikao chake cha Jeddah mwaka 1992 ilisema kujitibu kunakuwa wajibu pale ambapo kuacha kunapelekea mtu kuangamia, na vali ya chuma iko hapo hapo, damu inaganda juu yake, bonge likiifunga vali au likipanda kichwani ndo kiharusi hicho, na kabla ya hapo husikii chochote. Kwa hiyo huko kujisikia mzima hakuthibitishi kitu.

Kuhusu kuchoka nakuelewa, kupimwa damu kila mara, michubuko, hedhi nzito, kidonge ambacho hakina mwisho. Kuchoka sio dhambi na kulia mbele ya Allah sio kukosa subira. Ila yapeleke hayo kwa daktari kama yalivyo, usione haya, dozi inarekebishika na hedhi ina matibabu yake. Na usijilinganishe na mtu aliyeambiwa aache warfarin baada ya miezi michache, huenda yake ni vali ya mnyama, mambo yake mengine. Na kama unatamani mtoto sema mapema kabla hujashika mimba, maana dawa hii inaweza kumdhuru aliye tumboni, na hapo pia usiache mwenyewe, madaktari ndio watakaokupangia nyingine.

Uliyoyafanya bila kujua Allah akusamehe. Endelea na kisomo, jisomee mwenyewe Alfatiha na Muawwidhatayn (sura za Falaq na Nas), huhitaji kumlipa mtu, na huyo ndugu akikuuliza tena habari za vidonge mpe namba ya daktari wako wakaongee wao. Wallahu aalam.